Théogène Aosha Mawese

Mungu alimpa Théogène mdomo, akasahau kumpa aibu. Pikipiki alijitafutia mwenyewe. Siku hiyo alikuwa ameiegesha chini ya dirisha la kituo cha afya cha Keshero, mjini Goma, akingoja abiria, ndipo akamsikia muuguzi Ernestine akiwafundisha wagonjwa wa sukari. Ndani ya kongosho, alisema, mna seli zinazotengeneza insulini. Mafuta yakizidi mwilini siku nyingi, asidi zake huzichosha mpaka zinalegea kazini. Na asidi ya mafuta yanayoganda, kama mawese, huchosha kuliko ile ya parachichi. Kwa hiyo wapunguze mafuta.

Wengine walisikia ushauri. Théogène alisikia biashara.

Na haja alikuwa nayo. Jumamosi alitakiwa apande Kibumba kumposa Uwingabire. Baba wa msichana, Papa Niyibizi, alikuwa ameshusha kabichi mjini kwa tshukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, miaka thelathini, akiisukuma mbao ile mpaka mabega yakapinda, na alikwisha kusema wazi kwamba binti yake haolewi na msukumaji. Mwenye pikipiki, karibu. Pikipiki ilikuwepo, mbuzi wa kwenda naye ndiye hakuwepo.

Kesho yake akavaa koti jeupe, akaanza kupiga hodi.

"Mama, mawese yako iko na asidi mubaya. Inaua kongosho polepole. Unipatie bidon, dumu muzima, nitakuoshea."

"Bei gani?"

"Bure, mama. Miye ni mutu ya Mungu."

Neno bure lina funguo za nyumba zote. Nyumbani, Théogène hakuosha kitu. Aliiachia kazi baridi ya Goma. Mawese yakitulia usiku kucha hujigawa yenyewe, mazito chini, mepesi juu. Akawarudishia wenyewe mepesi. Yale mazito, aliwaambia, ndiyo sumu yenyewe, ameitupa mbali na watoto. Akina mama walitazama bidon zilizopungua wakamwombea baraka. Sumu hiyo akamuuzia Mama Léoncie, mkaanga mandazi, na kila asubuhi akala mandazi sita kwake, maana ujanja haushibishi.

Alhamisi akafika kwa Mama Masika, mfanyabiashara wa Butembo, mwenye bidon ishirini za mawese uani. Mbuzi akaanza kulia kichwani mwa Théogène.

"Utaosha zote?" aliuliza Mama Masika.

"Zote, mama. Kesho minarudisha."

"Sawa. Lakini kwetu Butembo kitu haitokake bila garanti. Uniachie pikipiki."

Roho ilisita. Lakini usiku mmoja tu? Akatoa ufunguo, akakodi mkokoteni.

Ijumaa jioni alirudisha bidon ishirini, zote nyepesi. Mama Masika aliinua moja, akaitikisa, akatabasamu.

"Aksanti, mutoto yangu. Na siye tumekuoshea pikipiki. Bure."

Ilikuwa nyuma ya nyumba, inang'aa. Magurudumu yapo, kiti kipo, honi ipo. Injini haipo.

"Mama, injini iko wapi?"

"Njo ilikuwa inachosha pikipiki. Tumeitoa, tumekuachia ile muzuri."

"Mama, hii ni wizi."

"Basi twende kwa chef wa avenue, mukubwa wa mutaa. Miye nitaonyesha bidon, weye utaonyesha sumu."

Théogène akavua koti jeupe.

"Miye pia niko na sukari," alisema Mama Masika. "Siku ile Ernestine alifundisha, nilikuwa benchi ya kwanza, nakuona kwa dirisha unatikisa kichwa. Alisema tupunguze mafuta kwa sahani. Hakusema upunguze kwa bidon ya batu. Rudisha ya kila nyumba, njo utaona injini."

Mama Léoncie alikubali kumrudishia sumu yake, kwa bei maradufu.

Jumamosi asubuhi, Théogène alikuwa ndani ya suti ya posa, akisukuma mlimani pikipiki isiyo na injini iliyoning'inizwa bidon kila upande. Alikuwa amebakiza nyumba tisa za kurudishia mawese. Juu ya kilima, akiteremka kwa tshukudu yake, akatokea Papa Niyibizi, ambaye hata siku ya wageni hakuwa mtu wa kuacha kabichi zioze. Mzee akafunga breki kwa mguu. Akaitazama suti, akazitazama bidon, akainama kutazama pale injini ilipopaswa kuwa.

"Kijana," alisema kwa upole wa mtu anayezungumza na mwenzake wa kazi, "tshukudu ya chuma iko nzito. Kwa hii kazi yetu, ungechukua ya mbao."

Kisha akainua mguu, akashuka na kabichi zake.