Sakafu Juu ya Sakafu

Jumatatu, 10 Julai
Jiji limeinua barabara yetu hapa Agrabad kimo cha goti, eti tujiandae na bahari. Ahsanteni sana! Sasa barabara kavu, nyumba yangu ndiyo mtaro. Kutub, jirani wa ng'ambo mwenye nyumba ya ghorofa, keshainua sakafu yake. Anasimama mlangoni na soksi. Soksi! Na Ijumaa ya wiki ijayo wageni wanakuja kumwona binti yangu Tahmina. Siku za bamvu hizo, bahari inapojaa kupita kiasi. Nani atamwozesha kijana wake kwenye nyumba ambayo sufuria zinaelea?

Jumatano, 12 Julai
Nimeamua. Sakafu ipande. Itakuwa ya nne tangu tuhamie. Mke wangu Rahela kauliza kwa nini tusijenge ghorofa kama wenzetu, bahari tuiachie chumba cha chini. Nimemjibu mimi sikimbii maji. Kasema kweli, hakuna upuuzi niliowahi kuukimbia.

Jumapili, 16 Julai
Fundi Nitai kamaliza. Tumempita Kutub kwa vidole vinne! Nilipima mwenyewe alipokwenda sokoni. Tatizo dogo: dari haikupanda. Nikivaa kofia inakwaruza. Feni imebidi iondolewe. Tahmina kaniuliza, "Baba, wageni tuwaombe waje wakiwa wameshaketi?" Mdomo wa mtoto huyu!

Ijumaa, 21 Julai
Walifika baada ya sala, watu sita. Kijana mwenyewe, Shafayet, kazi yake ni kupima kina cha maji jijini. Mrefu, kama nguzo ya umeme. Wote waliingia wameinamisha vichwa. Tahmina naye akaingia ameinamisha kichwa, kama impasavyo binti, na hapakuwa na wa kutambua nani ana haya na nani anaogopa dari. Mama wa kijana akasema hajapata kuona nyumba yenye adabu namna hii. Joto! Jasho likadondoka kwenye pilau. Lakini maji yalipopanda, ndani kavu! Kavu kabisa! Nikafungua mlango ili Kutub aone.

Ndipo tukaona viatu. Wageni walivivua nje, barazani, kama watu waliolelewa. Baraza sikuiinua. Jozi sita zinaelekea kwa Kutub, za mama wa kijana zimetangulia. Tahmina akakunja suruali, akaingia majini kuvifukuza, anacheka. Anacheka! Kutub naye akatoka na ndoo, akaokota kimoja kimoja, kisha akawaita wageni wote kwake ghorofani wapate chai na feni. Wakaenda. Nilibaki nimeketi peke yangu kwenye sakafu yangu kavu. Niliumia sana. Nilijua nimemharibia mwanangu.

Jumamosi, 22 Julai
Wamekubali! Shafayet kaja mwenyewe kuleta jibu. Anasema binti aliyeingia majini kwa ajili ya kiatu cha mama yake huku akicheka, huyo huyo ndiye anayemtaka. Rahela kalia. Mimi pia, kidogo. Sharti lao moja tu: harusi ifanyike kwa Kutub, mahali ambapo watu wanaweza kusimama. Sawa. Kisha kijana kanishika mkono taratibu, kaniambia, "Baba, maji nayapima kila siku. Hayatarudi nyuma. Jengeni juu, mhamie." Nimemwitikia vizuri. Mkwe ni mkwe.

Baada ya chai nimeyafikiria yote kwa utulivu. Kosa lilikuwa baraza. Nimemwita Nitai aiinue mikono miwili. Anasema mlango hautafunguka tena. Fundi mzima, hajui kwamba nyumba ina madirisha!