Pikipiki Yangu Ilizunguka, Mi Pia

Leo mi sina uso. Niliupoteza asubui hii, hapa kwangu Kasulo, mbele ya bajirani ba avenue yote, nikiwa juu ya pikipiki ambayo hata haikuwaka.

Naandika polepole, musinisukume. (Tena hapana kunisukuma leo! Mutaona juu ya nini.)

Munajua kazi yangu: natengeneza pikipiki za zamani, nauzisha. Parseli yangu, kiwanja ya nyumba, ni nyembamba sawa mukanda. Pikipiki ikiingia, kuitoa ni lazima uinue matako yake, uigeuze, na mugongo wangu haitaki tena ile kazi. Bateja nabo banataka kuiona pande zote, na pande moja iko inabusu ukuta.

Basi nikakumbuka Tenke. Nikiwa kijana nilifanya kazi kule kwa treni. Kulikuwa plaque kubwa ya chuma chini, kichwa ya treni inapanda juu, batu babili banasukuma na mabega, inageuka pole pole sawa mama mwenye mimba. Batu babili tu! (Kule njo nilimupata bibi yangu, alikuwa anauzisha mikate karibu na njia ya treni. Ile ni kisa ingine, na hapendi niisimulie.)

Nikasema, mi pia nitatengeneza yangu, ndogo. Nilipata roulement ya gari kubwa ya mine ya madini, ile chuma yenye kuzungusha gurudumu, pana sawa chungu ya kupikia bukari, ugali yetu, siku ya ndoa. Nikaipaka grese kopo muzima. Juu yake nikachomelea bamba ya chuma. Sasa, ili pikipiki ipande bila kuinuliwa, bamba lazima ilale sawasawa na udongo. Kwa hiyo nikachimba. Shimo ya kufika magoti. Magoti tu!

Lakini Mama Ngoy, bibi yangu, aliniapisha zamani: hakuna shimo mu parseli hii. Hapa kwetu batu balichimba kobalti mpaka chini ya vitanda. Jikoni ya jirani wa nyuma ilishuka chini na sufuria zote. Siku ile aliniambia: «Baba Ngoy, siku utapiga chepe hapa, mi naenda kwa dada yangu kule Tenke, na bukari utapika mwenyewe.» Nikaapa.

Wiki hii alienda Fungurume kuangalia mujukuu mupya. Nikajisemea, atarudi, atakuta meza yangu ya kuzungusha pikipiki imeisha, atafurahi.

Angalieni akili yangu. Udongo niliutia mu mifuko, nikaipanga kwa ukuta, juu Mama Ngoy hapendi uchafu. Na mvua isiingie mu shimo, nikaifunika na bâche, turubai ya orange. Mifuko ya udongo. Bâche ya orange. Mu Kasulo, penye kila muchimbaji wa kobalti anajificha vile! (Hata kuku yangu ilijua: huyu muzee anachimba.)

Jana Tata Kabeya, jirani yangu fundi wa nguo, aliweka kichwa juu ya ukuta.

«Muzee, mawe yako iko na kobalti mingi?»

«Mawe gani?»

«Aa, muzee! Sisi ni bajirani. Usikule peke yako.»

Nikafikiri amekunywa.

Leo asubui nilikuwa nimemaliza kufunga pikipiki juu ya bamba na kamba za mupira, nikairudishia bâche yake, kumbe mulango inapigwa. Shefu wa avenue. Nyuma yake Kabeya. Nyuma yake bachimbaji babili na machepe, banatafuta kazi. Nyuma yabo, batu. Na katikati ya batu, Mama Ngoy, sakoshi ya safari ingali kichwani.

Hakunisalimia. Aliangalia mifuko. Aliangalia bâche.

«Hii sakoshi siishushe,» alisema. «Tenke nimeipita leo. Njia ningali naijua.»

Weee! Miaka arobaini ya ndoa, iende juu ya shimo ya magoti? Nikavuta bâche mbio.

«Si kobalti, mama! Ni meza ya pikipiki!»

«Kobalti haiko?» muchimbaji mumoja aliuliza, karibu alie.

Nikapanda juu ya pikipiki sawa mufalme. «Sukumeni kidogo, mama aone.»

Kidogo! Nilisema kidogo! Lakini bale babili kazi ilikuwa imebaponyoka, na kasirani yabo yote iliingia mu mikono.

Nikaenda. Ndugu zangu, nikaenda! Shefu akapita. Kabeya akapita. Mama Ngoy akapita, anasema: «Uliniapia...»

Shefu. Kabeya. Mama Ngoy: «...mbele ya Mungu...»

Kofia yangu ikaruka. Shefu. Kabeya. «...na wewe unachimba...»

«Sikuchimba sana!» Lakini ile jibu aliipata Kabeya.

Hapo njo nilikumbuka: plaque ya Tenke ilikuwa na chuma ya kuizuia. Yangu haina. Nilifumba macho, nikangoja grese ichoke.

Iliposimama, nilishuka. Nilitaka kupiga magoti mbele ya bibi yangu. Lakini kichwa ilikuwa ingali inazunguka, na miguu ikafuata njia yao yenyewe. Nikakamata mikono mbili, nikaipigia magoti, machozi kabisa: «Mupenzi wangu, usiende Tenke. Bila wewe mi si kitu.»

«Siende, muzee,» Tata Kabeya akajibu. «Nabaki.»

Avenue ililala chini na kicheko. Mama Ngoy alicheka mpaka sakoshi ikaanguka yenyewe kutoka kichwani. Basi, ilikuwa imeshuka! Hakuiokota.

Sasa ninavyoandika, pikipiki imeondolewa. Mama Ngoy ameweka kiti juu ya meza yangu, anachambua majani ya sombe, anajisukuma pole na muguu moja, anaongea na bajirani ba kila upande, moja moja. Chuma ya kuzuia ameniambia niiweke leo, mbele ya jua kushuka.

Mutacheka, najua. Lakini muchekee mbali na Kabeya: tangu asubui ananiita mupenzi.