Kisu cha Pembe ya Kulungu

Jumatatu, 4 Agosti 2003
Kiegeani bila mimi si Kiegeani. Hata watu wa Kilindoni wakikwama huuliza: Matano yupo? Leo wamekwama kweli. Jumapili ni arusi ya mpwa wangu Swabaha, na baba yake, shemeji Mbaraka, hajaamua nani amchinje ng'ombe. Kasema Ijumaa tulete visu. Mwenye kisu kikali ndiye atakayechinja. Mdogo wa shemeji, Sufiani, ameshanunua chake kwa Khozema. Cha dukani! Mpini wa plastiki! Mimi natengeneza changu kwa mikono hii. Kisu cha kuwindia, mpini wa pembe ya kulungu!

Jumanne, 5 Agosti
Springi ya Land Rover iliyokufa, makaa ya vifuu, nyundo. Nimegonga tangu asubuhi. Chuma kikiniona kinalainika chenyewe! Pembe kanipa Ussi, mvuvi wa Rufiji aliyepiga dago, kambi ya wavuvi, hapa ufukweni. Kaapa ni kulungu. Nimempa jogoo. Barazani nikasema kulungu nilimuua mwenyewe, kwa mikono mitupu, tumepigana adhuhuri hadi magharibi. Sufiani akauliza: na alasiri ulisali naye, kulungu akiwa maamuma? Husuda tu.

Jumatano, 6 Agosti
Leo ndiyo kazi ya mafundi. Mkia wa kisu unapashwa mpaka unakuwa mwekundu, unasukumwa ndani ya pembe, unajichimbia wenyewe. Moshi! Harufu! Jirani, Bi Time, akapaza sauti kuwa Matano anachoma gamba la ng'amba. Ng'amba ni kasa, na tangu hifadhi ya bahari ije, kumgusa kasa ni kujitafutia makubwa. Ningesema ni pembe, yakaisha. Nikamjibu mambo ya mafundi hayaulizwi.

Alhamisi, 7 Agosti
Askari wa hifadhi kaja. Kijana mstaarabu. Shikamoo mzee, marahaba, kisha akaomba kukiona kisu. Nikasema kwa sauti ya juu: hiyo ni pembe ya kulungu niliyemuua mwenyewe! Akafungua kitabu. Kibali cha kuwinda kiko wapi? Lo! Nimetoka kwa kasa, nimeingia kwa kulungu! Watu wamejaa uani, Sufiani mbele kabisa, kama yuko sinema. Ikabidi niseme: sikuua, nilibadilishana kwa jogoo. Ussi akaitwa. Akaigeuza pembe, akacheka mpaka akakohoa. Kumbe ya beberu wa Ndagoni, aliyechinjwa Idi! Eti alidhani mzee mzima naelewa utani. Askari akafunga kitabu, kuchinja mbuzi hakuhitaji kibali. Somoe, mke wangu, akauliza kwa upole jogoo wake anarudi lini.

Ijumaa, 8 Agosti
NIMESHINDA! Baada ya sala shemeji kavijaribu visu kwenye malaika, vile vinyweleo vya mkono wake. Cha Sufiani kilisugua. Changu kilinyoa! Kilipita, ngozi ikabaki inang'aa kama ya mtoto mchanga. Shemeji akasema, iwe beberu, iwe kulungu, Jumapili Matano anachinja. Sufiani kanywea. Nimepita mbele ya nyumba yake mara nne, nikiwa na kisu kiunoni. Sikuwa na safari.

Jumapili, 10 Agosti
Ng'ombe kachinjwa! Kisu changu, mkato mmoja, watu wote wanakisifu. Mkono ulikuwa wa Sufiani. Nilimwachia mwenyewe, kwa huruma, naye apate jina. Mimi nilisimamia kwa mbali, nyuma ya jiko. Huko huko Ussi akaninong'oneza kuwa ana pembe ya mbogo, safari hii ya kweli kabisa, anataka majogoo wawili tu. Nimekubali! Barazani nimeshaanza kuwaeleza nilivyomwangusha mbogo huyo.

Somoe peke yake hakusifu. Kaniuliza kwa nini nilitoka mbio. Hapa naandika kwa kuwa daftari halina mdomo: ng'ombe alipolazwa, nilimsukumia Sufiani kisu nikakimbilia nyuma ya jiko. Damu naiogopa. Tangu nimeoa sijachinja hata kuku. Somoe humpeleka kwa jirani, na mimi hujifungia chumbani mpaka awe mchuzi.