Boksi Sita za Glavu

Jumatatu, 2 Juni
Mvua. Homa imeingia upande wa wanaume. Mama Mkuu wa nyumba hii ya wazee kaniita, mimi Shalet, mtunza stoo, miezi miwili kazini, shahada ya pili ya takwimu. Kasema Jumamosi jioni stoo isipokuwa na boksi sita za glavu, Jumapili geti halifunguliwi. Hakuna wageni. Mzigo mpya umekwama kwenye mafuriko njia ya mji wa Kottayam. Nimehesabu: tisa. Lakini Ijumaa zilikuwa kumi na tatu! Nani anakula glavu?

Ammachi Eliyamma, bibi wa chumba cha nne, anamngoja mwanawe Jumapili hiyo hiyo. Miaka mitano Kuwait, na Jumatatu anarudi huko. Kaniuliza mara tatu kama geti litakuwa wazi. Nimemwapia. Kwa nini naapa?

Jumanne, 3 Juni
Mpango. Kufuli mlangoni, ufunguo shingoni pamoja na msalaba. Tangazo ukutani kwa wino mwekundu: GLAVU ZINAKARIBIA KWISHA. Hofu hujenga nidhamu. Kaka Saji, muuguzi, kalisoma kwa sauti ya padri, kisha akaniinamia: “Shikamoo, Waziri wa Glavu.” Sikucheka.

Kufikia saa tisa wauguzi watano wamekuja na fomu zangu za kuombea vifaa, zimejazwa vizuri ajabu, kila mmoja anaomba boksi nzima. Ningeikataaje fomu niliyoibuni mwenyewe? Zimebaki nne.

Jumatano, 4 Juni
Mtego! Nimenyunyiza manjano ndani ya glavu za wodini. Mwizi atajulikana kwa vidole.

Mchana: mchuzi wa samaki, manjano tele, tunakula kwa mkono. Watu arobaini, vidole vya manjano arobaini mara kumi. Vya Mama Mkuu. Vyangu. Saji kaninyooshea mikono yote miwili: “Nifunge, afande.”

Alhamisi, 5 Juni
Nimewakamata. Nyuma ya jiko, mabibi watatu, glavu mikononi, wanapasua fenesi! Kiongozi wao ni Ammachi Eliyamma. Anampikia mwanawe fenesi la sukari guru na samli, aondoke nalo. Makopo mawili yameshajaa.

Nikamuuliza kama anajua kwamba kila jozi inamfungia geti mwanawe mwenyewe. Akaniuliza kama nimewahi kuondoa utomvu wa fenesi mkononi. Zamani walijipaka mafuta ya nazi, akasema, ila mafuta hayatoki stoo bila fomu tangu aje mtu fulani mwenye shahada.

Nikamweleza kwamba kila sera ina gharama. Akanitia kipande mdomoni. Kitamu mno.

Ijumaa, 6 Juni
Bado nne. Nimekwenda kumwambia Ammachi ukweli. Alikuwa anapiga pasi nguo yake nyeupe ya kanisani. Nikazungumzia hali ya hewa. Nikatoka. Nikarudi. Nikamwambia.

Akaiweka pasi. Kisha akauliza, “Mwanangu, na lile tangazo lako, wengine nao wamelisoma?” Nikasema kwa fahari kwamba wote. Akaomba fimbo yake.

Jumamosi, 7 Juni
Ammachi kapita kitanda kwa kitanda. Chini ya mito, ndani ya debe la biskuti, nyuma ya picha ya Bikira Maria: boksi nne nzima za wodini, hazijafunguliwa! Mzee mmoja kanigombeza: ukitangaza kitu kinakwisha, mwenye akili atafanya nini? Saji naye kaleta mbili, macho chini. Kasema alikuwa anawawekea wagonjwa wake tu.

Jumla kumi. Mama Mkuu kahesabu mara mbili, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko alivyozitazama glavu.

Jumapili, 8 Juni
Amekuja! Jitu lenye masharubu, limelowa chapachapa, linalia kama mtoto getini. Ammachi kamlisha kwa vidole vyake. Kisha akaniita, akamwambia mwanawe: “Huyu ndiye aliyekufungulia.” Nilishukuru kuwa nimevaa barakoa. Sikuivua mpaka jioni.

Jumatatu, 9 Juni
Grafu iko wazi. Kabla ya kufuli: boksi tisa. Baada ya kufuli: kumi. Kufuli linazalisha! Nimempelekea Mama Mkuu ripoti ya kurasa kumi na moja. Kasoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akasema nikapumzike nyumbani kwa mama yangu wiki mbili. Ameguswa sana. Nitatumia muda huo kuandika sehemu ya pili: sabuni.