Kuondoa Kinu, Kumbakiza Edah

Kwa Waandishi wa Mifano ya Msaada,
Programu ya Sauti ya Visanduku na Nyaya.

Mabibi na Mabwana,

Natumaini hamjambo. Mimi ni karani mstaafu wa bohari hapa Pate, elimu yangu darasa la nane, na mgane tangu Machi. Marehemu mke wangu Edah alikuwa na kinu cha kusaga mahindi. Nimebaki na ujumbe wake mmoja wa sauti, sekunde kumi na tisa, aliourekodi kinu kikinguruma. Ninataka kinu kiondoke, Edah abaki. Nimeambiwa kwamba kwenye programu yenu mtu huunganisha visanduku kwa nyaya kwenye skrini ya kompyuta na sauti ikasafishika, na kwamba mifano yenu ya msaada ni ya wanaoanza. Hapo ndipo penye malalamiko yangu.

1. Mfano wa kwanza ni mlio. Piii, hauna mwisho. Sijasikia mtu aliyefiwa na mlio.

2. Mfano wa pili ni mlio uleule, ila mdogo, na maelezo yanaanza na "kama ujuavyo". Sijui. Jirani yangu Bi Saadiya alikuja dirishani: "Bwana Patroba, punda wangu amekataa kupita hapa kwako. Kwani umenunua ambulensi?" Nikamwambia ninajifunza. "Basi jifunze polepole."

3. Mfano wa tisa, wa kuchuja sauti, una visanduku kumi na vinne. Niliunakili kwa penseli nyuma ya kalenda, kwa uangalifu wa miaka thelathini ya ukarani, nikapata waya mmoja zaidi. Bado ninao.

4. Kwa hiyo naomba mifano yote ifutwe, ianzwe upya kwa ujumbe wa Edah. Wa kwanza uwe Edah na kinu. Wa pili, Edah bila kinu. Wa tatu, Edah akisema jambo jingine, maana hili lililopo ni kuhusu magunia niliyosahau kuanika. Wa nne, mimi nikimjibu.

Nisalimieni wa nyumbani kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Wenu mwanafunzi asiyesonga mbele,
Patroba Ouma

Tanbihi: Asubuhi hii, kwa kutumia mfano wenu wa tisa vilevile ulivyo, kinu kimeondoka. Amebaki Edah akipiga kelele katika chumba kitupu, kama mtu aliyenikasirikia. Hakuwahi kunifokea; alikuwa akijitahidi nimsikie. Nimekirudisha kinu. Mifano yenu iacheni.