Vita Vyangu na Majani ya Ziwa

Jumatatu, 1 Julai

Bilten ya shule imetoka. Asilimia sabini na nane! Papa Zéphirin aliisoma, akaikunja, akasema vizuri, kisha akarudi kung'oa majani tumboni mwa boti.

Boti yetu haina helisi, lile panga la kuzunguka majini. Mawe ya volkano yalivunja tatu, Papa akachoka, akanunua hii ya turbini. Inanyonya maji kwa tundu lenye nondo chini ya tumbo, inayatupa nyuma kwa nguvu, tunaruka. Ajabu ya ufundi! Ila inanyonya na majani ya ziwa. Ikishiba inakohoa, inasimama, na abiria wanaanza kutubu.

Likizo hii Papa anahitaji mutu wa pili botini. Ama mimi, ama binamu yangu Cédrick. Atakayeshindwa ataenda sokoni Birere kumsaidia shangazi, Tantine Mimi, kuuza sandali. Kuuza sandali Birere ni kuita wateja kwa sauti. Eti niite mimi! Niliyeinua mkono darasani mara mbili mwaka mzima, na mara moja ilikuwa kuomba kwenda chooni.

Papa ataamua Jumapili, tukishapeleka kwaya kwenye ndoa kisiwani Idjwi. Nimemwambia majani ni tatizo la fizikia. Cédrick amecheka, ameniita Mademoiselle Fizikia. Yeye, boti ikikwama, hupiga mbizi na kisu mkononi. Dakika nne, imekwisha. Hakuna nadharia yoyote ndani yake. Inasikitisha.

Jumatano, 3 Julai

Nimepata jibu! Chandarua. Maji yatapita, majani yatabaki nje. Nimekata cha kitanda changu mwenyewe. Sayansi inadai sadaka. Nimekifunga kwenye nondo Papa akiwa sokoni. Mafundo kumi na mawili.

Alhamisi, 4 Julai

Turbini imekula chandarua. Chote. Na mafundo yake.

Tulisimama mita mia kutoka ufukweni. Mama mmoja mwenye kuku wawili alianza rozari. Cédrick alipiga mbizi, akarudi na kipande cheupe, akauliza kwa upole kama siku hizi ziwa linaugua malaria. Papa alikitazama kile kipande. Kisha akanitazama mimi. Mimi nikatazama Rwanda, ng'ambo ya ziwa.

Mbu wameniuma mara kumi na tisa. Lakini kosa nimeliona: nilipigana mlangoni kwetu. Adui anapigwa kwake.

Ijumaa, 5 Julai

Kesho ni salongo. Kila Jumamosi asubuhi mtaa wetu, avenue nzima, tunatoa matope kwenye mitaro, tunayaweka kando ya mitaro, mvua inayarudisha, na Jumamosi inayofuata kazi ipo tena. Nimemwandikia Muzee Viateur, chef, mkuu wa avenue, barua ya kurasa tatu kwa Kifaransa: salongo ya kesho ifanyike ziwani. Nimeipenyeza chini ya mlango wake, nikakimbia.

Akaja nyumbani mwenyewe! Nilijificha nyuma ya gunia la makala ya kupikia. Nikamsikia akimwambia Papa kwamba ukurasa wa pili hakuelewa kitu, lakini miaka sita ya mitaro imemchosha, na ziwa angalau linapoza miguu. Papa akakubali. Akasema hii sasa ndiyo akili. Nyuma ya makala nililia kidogo. Machozi meusi.

Jumamosi, 6 Julai

Ushindi! Watu zaidi ya sitini, na mapanga, na nyimbo. Kufika saa nne ghuba yetu ilikuwa kama kioo. Majani yote tumeyalundika ukingoni, pale pale maji yanapogusa mawe, lundo refu kuliko Cédrick. Wivu umemshika, aliniuliza kama lundo litabaki pale. Nikamweleza taratibu kwamba salongo ni hivyo, kinachotolewa huwekwa kando. Muzee Viateur alinipa mkono mbele ya watu! Nilitazama chini, lakini mkono niliutoa.

Nimeshachagua kitabu cha kusoma kesho nikiwa nimekaa kiti cha pili.

Jumapili, 7 Julai

Usiku upepo ulivuma. Asubuhi lundo halikuwepo. Nilifurahi, nikadhani kuna mutu amelipeleka kwa nguruwe wake. Kisha nikatazama maji.

Jani lenye mizizi, nimegundua, ni jani la adabu: linakaa kwake. Lililokatwa linatembea. Yote yalikuwa yametembea hadi kwenye boti yetu.

Kwaya ilifika saa mbili, watu kumi na wanane, viatu vyeupe. Tulienda mita tisa. Cédrick alipiga mbizi mara kumi na moja. Mara ya saba alitoka hana hata nguvu ya kunitania, na hapo ndipo nilipoogopa. Mama Donatille, rais wa kwaya, alisimama akatangaza kwamba ziwa hili amelisafiri miaka thelathini, lakini la leo si ziwa, ni sufuria ya mboga ya sombe, na sisi ndio samaki tuliotiwa ndani.

Mwishowe boti ya mbao iliwachukua. Mama Donatille aliondoka ameketi juu ya makasha ya bia, akitazama mbele tu. Walifika Idjwi saa kumi. Maharusi walikuwa wameshakata keki na kwenda zao. Kwaya iliwaimbia wapishi.

Papa hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa juu ya jiwe, akasema: "Munezero, mutoto wangu, akili unayo. Tena mingi. Ndiyo inatuua."

Mutu wa pili ni Cédrick.

Jumatano, 10 Julai

Birere. Jana niliita mteja, akageuka kutafuta paka. Tantine Mimi anasema sandali zenyewe zina sauti kunishinda.

Lakini kelele si tatizo la kweli hapa. Tatizo la kweli ni wezi, na hakuna aliyewahi kulifikiria kwa utaratibu! Jana jioni, Tantine akiwa anapika, nilipanga bidhaa upya: sandali zote za kushoto gunia moja, za kulia gunia la pili. Mwizi akibeba gunia, hana kitu! Sikumwambia. Nataka aone mwenyewe.

Leo alfajiri amepanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda kuuza huko Kanyaruchinya. Amebeba gunia moja, la pili ameniachia.

Simu inalia. Ni yeye. Inalia tena. Lazima ameshaelewa mpango, anataka kunipongeza.