Mbuzi Asiye na Jina Mgongoni

Jumatatu, 3 Juni

Ko. Ko. Ko. Sauti hiyo haijanitoka masikioni tangu asubuhi. Ni kisigino cha kiatu cha Katibu wa chuo, kikigongelea pini kwenye ubao wa matangazo. Nyundo ya ofisi waliiazima wanafunzi wa uchongaji, na kitu kikishaingia kwa wachongaji hurudi kikiwa sanamu. Basi Katibu huvua kiatu, hugonga mara tatu, huvaa, huenda zake.

Nilikuwa peke yangu koridoni. Nilisoma nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, sijui kwa nini. Kampuni ya vitabu vya watoto inatafuta mchoraji. Mmoja! Kitabu kinahusu mbuzi aliyechaguliwa kuwa mwalimu mkuu. Kila mwanafunzi anaruhusiwa kutundika michoro miwili, isizidi. Ijumaa ya wiki ijayo Mhariri atakuja mwenyewe kuchagua. Atakayepatikana anaanza kazi mwezi huu huu.

Mwezi huu! Mama ameshanipa tarehe. Mwezi ukiisha sijapata kazi ya kuchora, naenda kukaa mapokezi kwenye kliniki ya mjomba, daktari wa meno. Kiti kimeshanunuliwa. Kina magurudumu. Jana mjomba alinipigia simu kunijulisha kwamba kinazunguka pande zote mbili, kana kwamba hilo ndilo nililokuwa nikilingoja tangu nizaliwe.

Nimelichomoa tangazo, nimelitia kwenye begi. Si wizi. Jua la pale koridoni hupausha wino. Nimelihifadhi.

Jumanne, 4 Juni

Maafa. Katibu ameona pengo ubaoni, na badala ya kukasirika amefurahi. Ameiambia korido nzima kwamba huu mwaka wa kumi na moja anatundika matangazo, na hili ndilo la kwanza kupendwa mpaka likaibwa. Ametoa nakala arobaini. Sasa liko kwenye kila mlango. Liko kantini, juu ya birika. Liko chooni, kwa ndani, usawa wa macho ya aliyekaa. Niliingia mle nilie kwa faragha, nikajikuta nalisoma upya.

Mbaya zaidi, Nukta ameliona. Nukta ni msichana, jirani yangu wa meza. Anaitwa hivyo kwa sababu hachori mstari hata mmoja. Yeye ni nukta, nukta, nukta, kama anayepanda mbegu. Ana subira ya kuudhi. Akipiga chafya huiomba radhi karatasi. Walimu wanampenda. Paka wa kantini anampenda. Ameniletea nakala ya tangazo akiwa anahema, akaniambia, dada, nimekuchukulia moja usije ukalikosa.

Usije ukalikosa! Nikamshukuru. Sasa ninazo mbili.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata mpango.

Hapa chuoni kazi hutundikwa bila jina. Jina huandikwa nyuma kwa penseli, na mwenye kazi haruhusiwi kufungua kinywa wakati wenzake wanaisema. Akijitia kuitetea, ataosha brashi za darasa zima mwezi mzima. Mwalimu wa uchoraji hutuambia kwamba kazi isiyoweza kusimama bila mama yake haijafika umri wa kutoka nyumbani.

Lakini sote tunajuana kwa mkono. Mchoro wa nukta ukitundikwa, hata mlinzi wa getini atakwambia huo ni wa nani. Hapo ndipo nilipouona mwanya! Naruhusiwa michoro miwili. Wa kwanza utakuwa wangu, kutoka vilindi vya nafsi. Wa pili nitauchora kwa nukta, vibaya, vibaya sana, na nyuma sitaandika kitu. Mhariri atausonya. Darasa litasema ni wa Nukta. Nukta atakuwa amekwisha.

Nimezunguka meza mara mbili kwa kujistaajabia. Akili kama hii ikae mapokezi?

Alhamisi, 6 Juni

Kikwazo kidogo. Kalamu yangu ni nene mno kwa nukta. Ikabidi niazime ya Nukta mwenyewe. Hakuuliza ya nini. Alinipa, kisha akasogeza kiti akanionyesha namna ya kuishika wima ili wino usivuje, akaniambia siri ni kupumua kila baada ya nukta kumi. Nilipumua. Inasaidia. Simsamehe.

Jumamosi, 8 Juni

Mbuzi wangu wa kweli amekamilika. Wino mweusi, karatasi nzima. Amesimama ukingoni mwa kitu fulani. Hatazami chochote, na hicho asichokitazama kinamtazama. Mama alipita na kikapu cha nguo, akauliza mbuzi huyo amefiwa na nani. Nikamweleza kwamba ule ni upweke wa uongozi. Akasema sawa, mwanangu, ila hata mfiwa huchana ndevu.

Jumatatu, 10 Juni

Sikujua kuchora vibaya ni kazi ngumu kiasi hiki.

Kwanza nilimpa miguu mitano. Mkono ukakataa. Mguu wa tano ukageuka mkia, na mkia ukapendeza. Nikaamua nimtie uso wa kipumbavu. Ulionijia haraka ulikuwa wa mjomba, pale anapochungulia gego bovu juu ya miwani yake: huruma, hofu na madaraka, vyote vimejaa puani. Nikampa mbuzi uso huo. Nikajiambia sasa niharibu pembe. Nikaziharibu. Nikazirekebisha. Saa tatu zilipita ulimi ukiwa nje kama wa mtoto wa chekechea, nami nilikuwa (naandika hili kwa ajili ya ukweli tu) na furaha.

Aibu kubwa. Bila shaka mchoro ni mbaya mno. Mwenye macho ataona.

Ijumaa, 14 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Mhariri alifika saa nne asubuhi, mama mfupi mwenye raba miguuni na begi la vitabu lililomlemaza bega. Ukutani michoro hamsini na kitu. Mbuzi kila upande. Darasa limekuwa zizi. Akamfikia mbuzi wangu wa kweli. Akasimama. Akamgeukia Mwalimu, akauliza kwa upole kama huo nao ni wa kitabu, au ni bango la kampeni ya chanjo ya mifugo limesahaulika hapo. Darasa likaangua kicheko. Kanuni ni kanuni. Nilifumba kinywa mpaka meno yakauma.

Akasogea hatua mbili. Akamwona mbuzi wa nukta. Akacheka mpaka akaomba kiti. Alisema ndiye huyu, ndiye, ana sura ya mtu anayewaogopa wanafunzi wake lakini kengele anayo yeye. Kisha akauliza mwenyewe ni nani. Darasa zima kwa sauti moja: Nukta!

Nukta akasema si wake. Wakamwambia aache kujishusha. Akasema haki ya Mungu si wake. Wakaubandua, wakaugeuza. Nyuma peupe! Mhariri akauliza, basi mbuzi kajichora?

Nikainua mkono. Nikaangalia kulia na kushoto. Mikono kumi na miwili ilikuwa juu, mmojawapo wa Katibu, aliyekuwa ameleta kiti.

Mhariri ni mtu wa kazi. Alisema mdomo hauchori. Kila mdai aketi, amrudie mbuzi yule yule, robo saa. Na yule binti mnyenyekevu naye achore, apende asipende.

Hapa sijielewi vizuri. Kalamu nilikuwa nayo. Mkono ulikuwa ule ule. Nilichotakiwa ni kurudia kazi yangu mwenyewe. Lakini nilipoinama wazo likanijia: robo saa hii ndiyo nafasi ya kumwonyesha Mhariri mimi ni nani hasa. Nikamchora mbuzi wa ukingoni. Safari hii nikamwongezea wingu.

Nukta alimtazama yule aliyebanduliwa ukutani, akamnakili nukta kwa nukta, kwa adabu tu, maana mgeni kaomba. Kaniiga mimi nikimwiga yeye, na kanishinda! Mhariri akampa mkono wa pongezi. Nukta akarudia kwamba si wake. Mhariri akasema anawapenda sana wasanii wasiojisifu.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama wiki nzima, nimegonga kichwa kwenye kitanda. Mjomba amepiga simu. Kiti sasa kina mto.

Jumamosi, 15 Juni

Nukta amekuja nyumbani! Mama alimpokea kama binti aliyepotea sokoni akarudishwa. Nukta akatoa mchoro kwenye bahasha, mbuzi wangu, akauweka mezani na kugusa nukta moja karibu na sikio. Alisema nukta za mtu wa mkono wa kulia hulalia upande huu, hizi zina vimkia vinavyolalia upande ule, na darasani mwenye mkono wa kushoto ni mmoja. Nikatazama dari.

Nilingoja matusi. Majibu nilikuwa nimeshayaandaa, matatu. Matusi hayakuja. Akasema, dada, mimi sijui kuchekesha. Mbuzi nilimnakili tu. Wakiniambia nimchore akikimbia, au kengele imemponyoka, nitakaa pale nikitoa jasho. Ameshaenda kwa Mhariri kumweleza yote, ila si nia yangu mbaya, kwa sababu haikumpitia kichwani. Anadhani niliazima kalamu ili nijifunze kwake! Mhariri amekubali tuwe wawili: mimi nichore mbuzi na vituko vyake, yeye ajaze nukta. Tunaanza Jumatatu ya tarehe 24.

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka. Mama alikuwa akisikiliza. Nilimwambia Nukta nitalifikiria. Nililifikiria wakati anafunga kamba za viatu, nikakubali.

Lakini mtu hawi mwema bure hivi hivi. Anataka nini?

Jumatatu, 24 Juni

Siku ya kwanza kazini. Nilifika mapema, peke yangu. Korido ndefu inayonuka gundi na karatasi mpya. Nilikuwa natafuta chumba chetu nilipoisikia.

Ko. Ko. Ko.

Hata hapa hawana nyundo! Mhudumu wa ofisi alikuwa akitundika karatasi ubaoni. Akavaa kiatu, akakunja kona. Sikuisoma. Kusoma kunachukua muda, na raba za Mhariri zilikuwa zikija. Ni nafasi mpya, ni nini kingine? Labda jalada. Labda kitabu kizima cha mchoraji mmoja. Nikaichomoa, nikaitia kwenye begi.

Siku ikawa mbaya. Hakuna aliyenikaribisha! Watu walinipita kama kabati. Mmoja aliniuliza kama mimi ndiye niliyekuja kutengeneza feni. Nukta walidhani ameleta karatasi, wakamwonyesha stoo, naye akaenda akazipanga! Kufika mchana nilikuwa nimeshaelewa. Wamepangwa. Na kabla yangu nani alikuja huku kuongea nao? Nukta! Nikaandika barua ya malalamiko, kurasa mbili, nikiomba meza yangu iwe chumba kingine, mbali na mtu anayenichafulia jina. Nikaipenyeza chini ya mlango wa Mkurugenzi. Nikaondoka kichwa juu.

Nyumbani ndipo nikaitoa ile karatasi. Hakuna nafasi yoyote. Inasema wafanyakazi wote wawakaribishe wachoraji wawili wapya, na wakusanyike saa saba kwenye chumba cha chai kuwapongeza. Jina langu ndilo la kwanza. Pembeni wamemweka mbuzi, na uso wa mjomba.

Nimekaa nayo kitandani. Kuirudisha ubaoni ni kukiri. Barua nayo imeshavuka mlango, na vidole vyangu havipiti pale chini; nilijaribu mchana, nilipotaka kuivuta niongeze ukurasa wa tatu.

Kwa hiyo nimeamua, na nimekwisha tenda. Nimetoka hadi kliniki kabla mjomba hajafunga. Nimevua kiatu. Nimeitundika ukutani, mkabala na kile kiti cha magurudumu: ko, ko, ko. Mgonjwa mmoja mwenye pamba shavuni aliisoma yote, mbuzi pamoja, akainuka, akanipa mkono na kuniambia karibu sana.

Mtu wa kwanza leo asiyenionea wivu.